Koti la Baba Mkwe

Wodi nzima ya wanaume ilimwita Sista Ungependa, naye alilibeba jina hilo kama nishani. Hakuwahi kumgusa mgonjwa kabla ya kumuuliza. "Ungependa tuanze na nini leo, baba?" Mmoja angependa kunawa uso kabla ya chai. Mwingine angependa kidonda chake kifungwe baada ya taarifa ya habari, kwa sababu maumivu na siasa kwa pamoja alikuwa hayawezi. Mmoja alisema angependa aachwe peke yake, na Sista akamwacha kweli, mpaka bwana yule akachoka kuachwa na kuanza kumuulizia kwa wauguzi wengine.

Walipoletwa wauguzi wapya aliwakusanya katika chumba cha dawa akawapa somo ambalo wenzake walikuwa wameshalishika kwa moyo.

"Kidonda ni cha mgonjwa," alikuwa akisema. "Yeye ndiye mwenye nyumba, sisi ni wageni. Mgeni anapiga hodi, anaambiwa karibu, ndipo anaingia. Ukiingia bila hodi, hata kama umebeba dawa ya kufufua, wewe ni mvamizi tu."

Kwa hiyo siku baba mkwe wake alipopanda kiti kubadilisha balbu, kiti kikaenda kulia na yeye akaenda kushoto, na akarudishwa nyumbani na plasta kutoka wayo mpaka pajani, mtaa mzima ulimwonea wivu. Wengine wanauguzwa na yeyote aliye karibu. Mzee huyu alikuwa na Sista Ungependa ndani ya nyumba, bure, asubuhi na jioni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo. Chumba cha mbele kilikuwa kiwanda cha mume wake, fundi cherehani. Kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, pasi, na sanamu ya kupimia nguo isiyo na kichwa. Chumba cha mzee kilipakana na kiwanda hicho, na kati yao hapakuwa na mlango. Palikuwa na pazia.

Sista alikipanga chumba kama anavyojua yeye. Mito chini ya mguu, jagi la maji karibu na mkono, chupa ya mkojo chini ya kitanda ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Juu ya kimeza aliweka kikombe cha bati na kijiko.

"Baba, wewe umepiga kengele ya shule maisha yako yote," alimwambia. "Ukihitaji kitu, gonga. Nitakuja mbio."

Mzee alikitazama kikombe kwa jicho la mtaalamu. "Hiki kina sauti nzuri," alisema.

Nyumba ikatega masikio. Kikombe hakikulia.

*

Hakikulia siku hiyo, wala siku iliyofuata. Sista alipotoka kazini alivua viatu mlangoni na kupita kiwandani kama upepo.

"Baba, umekunywa maji?"

"Nimekunywa, mwanangu."

"Umekojoa?"

Kiwandani mama mmoja aliyekuwa ameinua mikono apimwe kifua aliishusha mikono taratibu. Fundi akajikuta amepima hewa.

Nyuma ya pazia mzee alivuta shuka mpaka kidevuni. Kisha mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayejibu swali la hesabu, "Mambo yote yanaendelea vizuri."

"Mke wangu," fundi alinong'ona, "kuna wateja."

"Mkojo si tusi," alisema Sista. "Ni dalili."

"Najua ni dalili. Lakini isubiri huyu mama avae viatu."

Mama yule alikuwa ameshavaa. Alisema atarudi wiki ijayo kupimwa, mzee akiwa amepata nafuu.

"Basi niachie mimi," fundi alisema walipobaki wawili. "Ni baba yangu. Chupa nitambebea mimi."

"Wewe? Wewe uliyeanguka chini ulipojichoma sindano ya cherehani? Kila mtu na fani yake, bwana. Shona."

Fundi akashona. Alikuwa mtu wa amani, na isitoshe ni kweli kwamba alianguka.

*

Jambo la kwanza kuharibika lilikuwa suruali ya mwalimu mmoja, mteja wa fundi. Fundi alikuwa ameitundika nje ili ipigwe na upepo, chini ya dirisha la chumba cha mzee, na mwalimu alipokuja kuichukua akaikuta imelowa sehemu ambayo suruali ya mtu mzima haifai kulowa.

"Fundi, hii nini?"

"Mvua, mwalimu."

Mwalimu akaitazama mbingu, ambayo ilikuwa kavu kama ubao wake. "Mvua gani hii imenyeshea suruali moja?"

Fundi aliapa, akaomba radhi, akaahidi kushusha bei. Mwalimu akaondoka akiwa ameishika suruali yake kwa vidole viwili.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Sista alirudi akamkuta mzee ameketi kitandani, midomo imekauka na kupasuka, macho yameingia ndani, anazungumza na sanamu ya kupimia nguo kupitia upenyo wa pazia.

"Mwalimu Mkuu," mzee alikuwa akisema kwa adabu, "kengele nimeichelewesha kidogo, lakini kichwa kinaniuma."

Sista akamshika mkono. Akaibana ngozi ya mkono taratibu. Ngozi ikabaki imesimama kama hema. Akainama akatoa chupa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kitu kidogo tu, cheusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Akachungulia dirisha la ubavuni mwa kitanda. Chini yake, ukutani, kulikuwa na mchirizi mrefu wa maji, na magugu yaliyokuwa yamenyong'onyea mtaa mzima hapo yalikuwa yamenawiri kama bustani ya tajiri.

"Baba," alisema, "maji nikupayo unayapeleka wapi?"

Mzee akarudiwa na akili kidogo, kiasi cha kuona aibu. "Nilikuwa nasuuza kikombe."

Daktari wa zamu alijibu simu akiwa anatafuna. Akasema kama mzee bado anameza, ajaribiwe kunyweshwa mpaka jioni. Asiponywa, au asipokojoa, aletwe atundikiwe dripu, kabla figo hazijagoma.

Mzee alisikia. Sauti ya simu ilikuwa kubwa na pazia lilikuwa jembamba.

"Mimi huko sirudi," alisema. "Mama yenu alikwenda kwa miguu yake, kabeba kikapu. Kilirudi kikapu peke yake."

Fundi, aliyekuwa penye pazia, akageuza uso akajifanya anatafuta mkasi.

*

Sista alimimina maji akamwekea mzee kikombe mdomoni. Mzee akafunga mdomo. Akajaribu kijiko. Mzee akafunga mdomo. Akajaribu ukali, akajaribu bembelezo, akajaribu kumtisha kwa habari za figo, ambazo alizijua nyingi. Mzee aliketi amebana midomo kama mtoto anayekataa dawa ya minyoo.

Mwishowe Sista akakaa chini, ukingoni mwa kitanda. Ilimjia kwamba tangu mzee aletwe alikuwa hajakaa humo hata mara moja. Tena ilimjia, na hapo uso ukamwaka moto, kwamba hakuwahi kusema hodi. Alikuwa akilipiga pazia kikumbo na kuingia, kwa sababu nyumba ni yake, mzee ni wake, na chupa ni yake.

Akainuka. Akatoka nje ya pazia. Fundi akamtazama mkewe akisimama mbele ya kitambaa kilichoning'inia kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

"Hodi," alisema Sista.

"Hodi, baba."

"Karibu," alisema mzee, kwa mshangao.

Akaingia, akakaa. "Baba, ungependa nini?"

Mzee alikuna plasta yake muda mrefu, pale pasipowasha.

"Mwanangu," alisema, "nikinywa, nitakojoa. Nikikojoa, ni wewe unayekuja."

"Ni kazi yangu, baba. Wanaume niliowahudumia ni wengi mno, sikumbuki hata sura zao."

"Hao hawakuwa baba wakwe zako." Akavuta pumzi. "Siku mwanangu alipokuleta hapa nilikupokea nimevaa koti. Unalikumbuka?"

"La kijivu. Lilikuwa na harufu ya sabuni."

"Kiwanda hiki hakijakuwapo, nililiazimia pasi nyumba ya tatu. Nikajifunga mpaka kifungo cha juu, na jua lile. Nilitaka ujue umeingia kwa watu. Tangu siku hiyo hujaniona bila shati. Sasa wewe niambie mwenyewe: ukiinama na chupa yako hapa, lile koti nalitundika wapi?"

Sista alijiona amesimama mbele ya wauguzi wapya, kidole juu, akihubiri habari za hodi, huku nyumbani kwake mzee wa watu anakauka kama dagaa kwa sababu ya heshima. Akataka kulia. Badala yake akacheka, kicheko kilichomtoka puani bila kuombwa, na mzee akamtazama kwa wasiwasi.

"Basi, baba, mimi natoka kwenye chupa," alisema akijifuta macho. "Ungependa nani akuhudumie? Mwanao?"

"Yule ataanguka."

"Nani, basi?"

Mzee akatazama dari. Akatazama balbu, chanzo cha yote. Akasema, kwa sauti ndogo sana:

"Brashi."

*

Kuna watu ambao Sista angeweza kuwaomba msaada, na Brashi hakuwa mmoja wao. Alikuwa fundi rangi mstaafu, anakaa upande wa pili wa barabara, sauti kama tarumbeta, na mikono iliyokuwa ikimtetemeka tangu aache kazi, utadhani bado inatafuta ukuta. Yeye na mzee walicheza drafti kila siku kwa vizibo vya soda na kutukanana mpaka jua lizame. Lakini mwaka uliopita Sista alimpa jiko lake alipake rangi ya krimu, akaenda kazini, akarudi akakuta jiko la waridi. "Krimu iliwaishia dukani," Brashi alisema, "na hii itakuongezea hamu ya kula." Tangu hapo Brashi hakukanyaga nyumba hiyo. Drafti ilichezewa barazani kwake.

Sista alivuka barabara. Brashi alikuwa amekaa mlangoni, ubao wa drafti mapajani, anacheza peke yake na anaonekana kushindwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniletea bili ya jiko?"

"Nimekuja kuomba msaada. Baba anakuhitaji."

"Ananihitaji nani?"

"Baba."

"Sema tena, mkwe. Sikio hili liliingia rangi."

Sista alijikaza kisabuni. Akaeleza yote, maji, chupa, dirisha, dripu, akiwa amesimama barabarani na watu wanapita. Alipomaliza, Brashi hakucheka, jambo ambalo lilimwogopesha zaidi. Aliweka vizibo mfukoni, akakunja ubao, akaingia ndani, akatoka amevaa shati safi.

"Niliipaka shule yake mara tatu," alisema. "Kila mara alinishikia ngazi. Ile ngazi ilikuwa mbovu. Twende."

Mafunzo yalifanyika jikoni, kati ya kuta za waridi. Sista alimwosha Brashi mikono mpaka viwiko, akamwonyesha namna ya kushika chupa, namna ya kuifunika, namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuusumbua mguu. Brashi alisikiliza kama anayeapishwa.

"Na jambo moja," Sista alisema. "Lazima nijue rangi yake. Mimi sitaingia kuangalia, nimeahidi. Wewe utaniambia."

Macho ya Brashi yakang'aa. "Rangi?" alisema. "Mkwe, umekuja kwa mwenyewe."

*

Nyuma ya pazia wakaanza na drafti. Brashi, kwa akili zake mwenyewe, aliweka sheria: anayeliwa kete anakunywa bilauri ya maji.

Sista na mumewe walikaa kiwandani, mmoja ameshika kitambaa, mwingine ameshika sindano, hakuna anayeshona. Walisikia vizibo vikigonga ubao. Walisikia mtu akinywa. Walisikia mzee akicheka, kicheko cha kwanza tangu balbu. Walisikia mtu akinywa tena, na tena, na tena, na Sista akaubana mkono wa mumewe kwa furaha mpaka fundi akaguna.

Kisha pazia likafunguka kwa kishindo, Brashi akatoka mbio, amejishika, macho yamemtoka pima.

"Choo kiko wapi?"

Jagi lilikuwa tupu. Mzee hakuwa amenywa hata tone. Tangu wajuane, Brashi hakuwahi kumshinda mzee huyu drafti, na wala hilo halikumpitia akilini alipokuwa akitunga sheria.

Fundi alikiangukia cherehani chake kwa kicheko. Sista alijaribu kubaki muuguzi, akashindwa. Nyuma ya pazia mzee naye alikuwa anakohoa kwa kucheka, kikohozi kikavu, na hicho ndicho kilichomrudisha Sista kwenye saa. Jua lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye meza ya kukatia.

Brashi aliporudi, kalowa jasho, Sista alimzuia mlangoni.

"Geuza sheria. Anayekula kete ndiye anayekunywa. Mtu akila lazima ashushie."

"Hatakubali. Yule ni mjanja."

"Mwambie basi kwamba unataka usaidiwe kwa sababu wewe ni dhaifu."

Brashi akafikiri. Lilikuwa ombi gumu kwa mwanaume. Akaingia.

"Sikiliza wewe mpiga debe," walimsikia akisema. "Tumbo langu limejaa. Sasa anayekula ndiye anayekunywa. Au unaogopa kula?"

Sista alifumba macho. Mle ndani mzee alikuwa akiutazama ubao, ambako kete tatu za Brashi zilikuwa zimejipanga kwa mstari kama zinasubiri kuliwa, na hakuna binadamu aliyewahi kupiga kengele kwa miaka yote ile angeweza kuziacha.

Tak, tak, tak.

"Tatu," alisema Brashi. "Kunywa."

Mzee akanywa.

Alikula kete za Brashi mpaka jagi la pili likaisha. Alikula kwa kisasi, alikula kwa raha, alishushia huku akimtukana Brashi na ukoo wake wote wa wapaka rangi, na sauti yake ikawa inarudi taratibu, kama redio inayotafutiwa stesheni. Hakumwita tena mtu yeyote Mwalimu Mkuu.

Taa zilikuwa zimewashwa mtaani pale kikombe cha bati kilipolia.

Hakikulia kwa unyonge. Kililia kengele ya mapumziko, ile ndefu ya kuwaachia watoto uwanjani. Mbwa wa jirani akabweka. Sista aliruka kutoka kwenye kiti, akapiga hatua mbili, akakumbuka, akasimama papo hapo, mikono imejishika nyuma kama mwanafunzi. Mumewe akamvuta akae.

Baada ya muda pazia likafunguka. Brashi akatoka akiwa amebeba chupa kwa mikono miwili, imefunikwa kitambaa cheupe, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu mikono yake haikutetemeka. Alipita mbele ya sanamu, mbele ya cherehani, mbele ya kijana aliyekuja kuchukua shati, hatua kwa hatua, kama mtu aliyebeba kombe la ushindi.

"Imejaa mpaka nusu," alitangaza.

"Rangi," alisema Sista.

"Ile niliyoikuta humo na kuimwaga ilikuwa kahawia ya mlango wa ofisi. Mafuta mazito, haijachanganywa. Sikuipenda." Akafunua pembe ya kitambaa. "Hii ya sasa ni njano ya korido ya hospitali, iliyoongezwa maji na fundi mwizi. Ukiipaka ukutani utahitaji kurudia."

Sista Ungependa alimkumbatia Brashi. Alimkumbatia pamoja na chupa, mpaka fundi akapiga kelele kwamba kuna nguo za watu humu.

Alimpigia daktari kumwambia dripu haihitajiki, na kwamba atamwangalia mgonjwa usiku kucha. Akajirekebisha: ataangaliwa. Mgonjwa ana mtu wake.

Kikombe kikalia tena, mara hii kidogo, kengele ya kuingia darasani.

"Anakuita wewe, mkwe," alisema Brashi.

"Hodi, baba."

"Karibu, mwanangu."

Mzee alikuwa ameegemea mito, mguu wa plasta umenyooshwa, shuka limefika kiunoni. Juu ya fulana alikuwa amevaa koti la kijivu, limefungwa mpaka kifungo cha juu, kola imesimama upande mmoja.

"Kaa," alisema. "Jiko lako bado ni la waridi. Brashi anasema atalirudia."

"Liache," alisema Sista. "Kweli linaleta hamu."

*

Kesho yake Sista aliingia wodini akiwa hajalala vya kutosha na anacheka peke yake kwenye korido. Karibu na dirisha alilala mwenye bucha mmoja, mkono umeungua, mtu mkubwa aliyekuwa akiwasumbua wauguzi wakati wa kufunga kidonda. Kwake alikwenda kwanza.

"Umeamkaje, baba? Ungependa tuanze na nini leo?"

"Kidonda," alisema mwenye bucha kwa huzuni. "Tumalize."

Sista alishika bandeji. Kisha akairudisha kwenye sinia.

"Na ungependa nani akufunge?"

Mwenye bucha akamtazama kuona kama ni mtego. Akatazama kulia na kushoto. Akainua kichwa na kunong'ona.

"Unaniuliza kweli?"

"Kweli."

"Usinifikirie vibaya, Sista. Wewe unafunga vizuri mno. Lakini ningependa yule mnene anayeimba."

Yule mnene anayeimba alikuwa muuguzi mpya ambaye wiki hiyo hiyo Sista alikuwa amemkaripia mara mbili, mara moja kwa kuimba, na mara moja kwa kufunga bandeji zilizopinda kama njia ya ng'ombe.

Sista akainua sinia. Ilimchoma, hakuna haja ya kuficha. Halafu kile kicheko cha jana kikampanda tena puani, akakiacha kitoke.

Alikwenda mpaka chumba cha dawa, ambako sauti nene ilikuwa ikiimba huku ikihesabu sindano. Mlango ulikuwa wazi, lakini aliugonga.

"Hodi," alisema. "Mwenye nyumba anakuita wewe. Mimi nimeambiwa nije siku nyingine."